Muziki Usitangulie Mtu

Simu ya kwanza niliyopokea baada ya kipindi changu cha kwanza iliuliza nani amekufa.

Nilikuwa bado nimeketi studioni, karatasi zimepangwa mezani kwa mfuatano, nikiamini kwamba kazi imekwenda vizuri. Nilikuwa nimepiga muziki wa fidla, nimeeleza kila chombo kwa Kiswahili chepesi, nimetamka majina ya wapigaji kwa uangalifu. Kisha taa ya simu ikawaka. Alikuwa fundi cherehani wa soko la Kimironko, akajitambulisha kuwa ni Shabani.

"Bibie, poleni sana."

"Pole ya nini, mzee?"

"Si mmefiwa? Hapa tumesimamisha cherehani zote, tunangoja mtaje jina. Nani amekufa?"

Nilimwambia hakuna aliyekufa.

"Sasa mbona mnatufanyia hivi?" akasema, akakata simu.

Mwaka huu nimestaafu, na vijana wa idara ya vipindi wameniomba niwaandikie yale yatakayowafaa kazini. Vyeo sitavigusa, havikuwa vingi na havifundishi kitu. Nitaandika juu ya swali la Shabani, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa jaribio la kulijibu, na juu ya Gaspard, fundi mitambo wetu wa zamani, ambaye kwake swali hilo halikuwa mzaha. Nilitaka Gaspard asikilize kipande kimoja cha muziki huu tangu mwanzo hadi mwisho, na akisikie kama muziki. Kimoja kingetosha. Nawaambia mapema ili msisome mkidhani nazungumzia ufundi wa vipaza sauti tu, ingawa navyo nitavizungumzia.

Sikusomea muziki popote, wala sijui kupiga chombo chochote. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Mama alikuwa akifua mashuka katika hospitali ya misheni, na chumba cha kufulia kilipakana na cha daktari aliyekuwa na redio ya mawimbi mafupi. Muziki wa klasiki niliujua kupitia ukuta. Nilijifunza kutofautisha zumari moja na nyingine kwa kusikiliza na kuandika zilivyonishtua, kisha nikasoma kila kitabu kilichopita mkononi mwangu, kingine hakina jalada, kingine hakina mwisho. Nilikuwa mtu mzima nilipoiona fidla kwa macho kwa mara ya kwanza. Nilidhani ingekuwa kubwa zaidi.

Familia yetu iliporudi nyumbani nilikuja Kigali nikiwa na Kiswahili kizuri, Kinyarwanda cha kuchekwa na Kifaransa sifuri. Kituo chetu kilikuwa kidogo na kichanga, kikihitaji mtu wa kusoma habari na bei za sokoni kwa Kiswahili. Nilizisoma. Baadaye niliomba nusu saa ya Jumapili alasiri, saa ambayo mtangazaji mwingine yeyote asingeitaka hata kwa kulazimishwa, nikapewa. Huo ndio ukawa uwanja wangu.

Siku niliyopelekwa chumba cha mitambo, Gaspard alinitazama kutoka chini ya miwani. Alikuwa mrefu, mkavu, mzaliwa wa mji huu, aliyefundishwa kazi na Wafaransa na hakuwa amewasamehe.

"Wewe ndiyo Mutanzania?"

"Ndiyo, Muzehe."

"Hii mashini haijui Kiswahili chenu ya shule. Usiiguse mpaka nikwambie."

Hakuniambia kwa muda mrefu. Lakini nikiwa nimekaa nyuma ya mabega yake nilijifunza karibu yote ninayoyajua. Alinifundisha kwamba chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu, na kwamba lazima uirekodi kabla mpigaji hajagusa chombo, ili baadaye uwe na kitu cha kuzibia nyufa. Alinifundisha kupiga makofi mara moja katikati ya ukumbi na kusikiliza makofi yanakwenda wapi. Alinifundisha kwamba kipaza sauti hakitakiwi kuelekezwa kwenye chombo kama bunduki. Kinawekwa pale ambapo mtu mwenye adabu angekaa. Tulikuwa na vipaza sauti viwili na kinasa sauti cha mkanda kilichokuwa na uzito wa mbuzi. Kizuia upepo kilikuwa soksi.

Jambo moja lilinikera. Tulipokwenda kurekodi kwaya au ngoma, Gaspard alivaa spika za masikioni na mguu wake ukapiga mdundo. Tulipokuja kwenye muziki wangu, alizining'iniza shingoni na kurekodi kwa macho, akifuata sindano ya kipimo cha sauti inavyopanda na kushuka, kama mtu anayepima damu. Rekodi zilikuwa safi bila kasoro. Lakini hakuwa amesikia hata sauti moja.

Alasiri moja, akiwa analehemu waya, nilimwambia nilichokuwa nimekibeba.

"Muzehe, unaudharau muziki wangu."

"Sidharau. Mimi iko na sababu."

Alilehemu waya wa pili kabla ya kuendelea.

"Ile asubuhi ya mwezi wa nne, redio ilianza na hiyo. Tangu alfajiri. Hakuna mtu anaongea, hakuna jina, hakuna bonjour. Miziki tu. Mke wangu alikuwa anapiga pasi shati yangu. Akasema, leo wameweka kitu kizuri. Akaongeza sauti." Akaupuliza ule waya upoe. "Kisha mtu akaongea, akasema rais amekufa, watu wote wabaki nyumbani."

Sikuuliza zaidi. Kila mtu kituoni alijua kwamba Gaspard alitoka katika Aprili ile ya mauaji ya kimbari peke yake.

"Alisema kizuri," akarudia. "Alikuwa na masikio, mke wangu. Mimi nataka nisikie kile alisikia yeye, hiyo dakika, mbele ya kujua. Lakini ikianza tu, mimi iko najua tayari."

Mimi Aprili ile nilikuwa Karagwe. Muziki huo kwangu ulinuka sabuni na mvuke wa mashuka. Nilikuwa nimekuja katika mji uliojaa watu kama Gaspard, nikawafungulia kila Jumapili alasiri sauti ileile bila neno la utangulizi, kisha nikashangaa kwa nini mafundi cherehani wananipa pole. Hata Shabani, nilikuja kujua, hakuwa akinitania siku ile. Utani alianza baadaye.

Mtu anayejifunza peke yake ana tabia moja nzuri: hana mwalimu wa kumlaumu, kwa hiyo hulivunja tatizo vipande vipande. Nilijiuliza ni nini hasa kilichotisha katika asubuhi ya Gaspard. Ala zenyewe hazikuwa na kosa, mkewe alizipenda. Wala haukuwa upole wa mwendo, kwa maana nyimbo za kanisani nyingine ni za polepole zaidi na watu huzilalia usingizi. Kilichotisha, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba hapakuwa na mtu anayeongea. Ulikuwa muziki uliotoka kwenye sanduku bila mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoweka kanuni yetu, Gaspard na mimi, iliyoongoza kipindi hadi mwisho wake: muziki usitangulie mtu. Kabla ya sauti ya kwanza ya chombo, msikilizaji lazima awe amemsikia mpigaji akivuta kiti, akikohoa, akitaja jina lake na kusema alikula nini. Swali la chakula lilikuwa langu. Watu wakiulizwa kuhusu sanaa yao husema uongo, lakini wakiulizwa kuhusu chakula husema kweli, na sauti yao hulegea. Tuliacha kila pumzi ndani. Fundi wa kituo kingine aliwahi kutuambia kwamba rekodi zetu ni chafu. Gaspard alimjibu kwamba hata shati lililovaliwa ni chafu, ila ndani yake kuna mtu.

Kanuni hiyo ilinilazimisha kuachana na santuri na CD za Ulaya, maana huwezi kuuliza CD imekula nini. Ikabidi niwatafute wapigaji wenyewe. Wakati ule hawakuwa wengi Kigali, na wengi walikuwa wapita njia, lakini niliwafuata wote: walimu, mapadre, wageni wa balozi, Mrundi mmoja aliyelinganisha nyuzi za fidla yake kwa muda mrefu hata mlinzi akadhani tamasha limekwisha, akapiga makofi. Niliwaendea mazoezini, kamwe si baada ya onyesho. Baada ya onyesho mpigaji ni kama bwana harusi, anamshukuru kila mtu na hamkumbuki yeyote. Mazoezini anakosea, anajitukana, anarudia mstari uleule hadi utake kulia, na hapo ndipo unapomjua.

Kulikuwa na kazi ngumu. Piano ya hoteli moja ilikuwa na chombo cha maua juu yake kwa miaka, na maji yalikuwa yameingia ndani. Tulipofungua kifuniko tulikuta kitu kinaota. Msimu wa mvua, paa la bati la ukumbi wa parokia lilimshinda kila mpigaji aliyewahi kuzaliwa. Na asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, magari na pikipiki zikiwa zimenyamaza, ndiyo saa bora ya kurekodi katika Kigali nzima, na ndiyo saa ambayo sote tumeshika majembe.

Shabani aliendelea kupiga simu. "Bibie," alisema Jumapili moja, "huyo wa leo amesema amekula viazi na visamaki vya sambaza. Basi huyo hajafa. Piga tu." Akaacha simu hewani tusikie cherehani zikifanya kazi huku muziki ukiendelea. Nilihesabu hilo kama ushindi. Nilikuwa na ushindi mchache, kwa hiyo niliutunza.

Gaspard naye alisogea, kidogo kidogo. Kwanza alihama kutoka chumba cha pili akaanza kukaa na mpigaji chumba kimoja. Kisha akaanza kutazama mikono yao badala ya sindano ya kipimo. Mara moja alikaa hadi nusu ya kipande cha piano, halafu akatoka kwenda kuvuta sigara, na alikuwa ameacha sigara siku nyingi.

Kisha akaja Solange.

Solange alikuwa mpigaji wa selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti mtu akiwa ameketi. Mtawa mmoja alimfundisha akiwa msichana, akapata masomo nje, na sasa alikuwa amerudi kwa mama yake, mtaa wa Busanza, katika ghorofa walizohamishiwa watu wa mabondeni. Kuta ni nyembamba. Juma la kwanza aliloanza mazoezi, majirani walipanda ngazi na maziwa kwenye chupa kumpa mama yake pole. Mama alikuwa amevaa kanga ya kupikia, hajui wamefuata nini.

"Mama aliwakaribisha wakae," Solange alinisimulia, akicheka mpaka akashika ukuta. "Akawaza, labda kweli kuna mtu amekufa na yeye ndiye wa mwisho kujua. Naye akaanza kulia."

Nilimwambia Gaspard. Alicheka pia, kicheko kifupi cha puani, kisha akasema, "Huyo mulete. Huyo anajua shida yetu."

Tulirekodi katika ukumbi wa parokia siku kavu. Gaspard aliweka vipaza sauti, akapiga makofi yake, akarekodi ukumbi mtupu. Nilikuwa nimefungua mdomo kuuliza swali langu la chakula nilipomsikia yeye akiuliza. Hakuwahi kuuliza swali lolote hewani kabla ya siku hiyo.

"Mwanangu, hicho kiti iko inalia?"

"Inalia, Muzehe. Nikibadilishe?"

"Kiache kilie. Umekula nini?"

"Isombe ya jana, ya majani ya muhogo. Mama amesema ya jana ndiyo tamu."

"Mama iko na haki. Na hicho kidole?"

"Uzi ulinikata asubuhi. Lakini nitapiga."

"Ikiuma, simama."

"Kwetu hatusimami, Muzehe. Ukianza unamaliza, hata paa likianguka."

Solange alikuwa na tabia ambayo walimu wake walishindwa kuiondoa: kabla ya kila mstari alivuta pumzi kwa nguvu kupitia puani, kama mtu anayetaka kuinua ndoo. Niliisikia ile pumzi, nikamwona Gaspard akiinua mikono, akazitoa spika shingoni na kuziweka masikioni.

Kilikuwa kipande cha selo peke yake. Sitaeleza uzuri wake. Nimekula mshahara kwa miaka mingi kwa kueleza mambo kama hayo na sijawahi kuridhika na sentensi hata moja. Nitasema tu kwamba Gaspard hakutazama sindano ya kipimo. Alimtazama Solange, na kila Solange alipovuta pumzi, kifua cha Gaspard kilipanda pia. Upinde ulipoinuka mara ya mwisho tulikaa kimya, kama kazi inavyotaka, mpaka ukumbi ulipomaliza mwangwi wake.

"Kizuri," akasema Gaspard. Kisha, akikunja nyaya, akaniambia bila kunitazama, "Alisema kweli."

Alistaafu muda mfupi baadaye na kuhamia Kabuga, kwenye nyumba ndogo kando ya barabara ya mashariki, akiwa na nakala ya rekodi ile. Nilipomtembelea aliniambia huipiga Jumapili, na kwamba haruki lile neno la isombe. Alikuwa amemzoea mkewe tena, ndivyo alivyosema. Akisikia ile selo humwona anapiga pasi, anaongeza sauti, na dakika inasimama hapo kwenye neno kizuri, haiendelei mbele. Ilikuwa dakika moja tu, lakini alikuwa nayo. Kama mngeniuliza wakati huo kazi yangu imezaa nini, ningewatajia hiyo dakika na kufunga daftari.

Kituo kikabadilika. Mikanda ikaingizwa kwenye kompyuta, nusu saa yangu ikawa robo, robo ikahamishwa, kisha ikaondolewa. Nilibaki kama mhariri wa habari za Kiswahili, na mkuu wa vipindi akanihakikishia kwamba rekodi zangu zitatunzwa. Neno hilo nililiamini. Zilitunzwa kweli, na ndiyo sababu naandika haya.

Kazi ya kuzitunza alipewa Divine, mtayarishaji wa vipindi vya asubuhi. Wengi wenu mnamjua. Ni mchapakazi, hachelewi, hapandishi sauti, na alizaliwa baada ya Aprili ile. Nilikuwa likizo alipoanza.

Alfajiri ya siku niliyokuwa narudi kazini, niliamka nyumbani na kusikia selo ya Solange kwenye redio ya jikoni. Nilifurahi kwa muda wa kufika mlangoni. Halafu nikasikia kwamba haivuti pumzi. Kiti hakilii. Kati ya mstari na mstari palikuwa na kimya laini, kilichopigwa pasi. Walikuwa wamemtoa Solange ndani ya muziki wake. Kipande kikaisha, kikaanza tena, bila jina, bila salamu, bila mtu.

Simu yangu ililia. Shabani, mzee sasa, bado yuko Kimironko, bado ana namba yangu.

"Bibie, nani amekufa?"

Safari hii hakuwa anatania, na safari hii kulikuwa na jibu. Kiongozi mmoja wa dini, mtu aliyeheshimiwa, alikuwa amefariki usiku, na kituo kilikuwa kinangoja tangazo la familia. Niliuliza chumba cha habari, nikamjibu Shabani. Kisha nikaijaribu namba ya Gaspard. Haikupokelewa, asubuhi hiyo wala mchana.

Divine nilimkuta mezani kwake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Divine, ile selo umeiweka wewe?"

"Ndiyo, Madamu. Hakukuwa na mtangazaji bado, nikasema niweke kitu cha heshima. Imekaa vizuri, si ndiyo?"

"Kwa nini hiyo?"

"Si ndiyo muziki ya msiba? Tangu niko mtoto nasikia hivyo, mtu akifa inapigwa hiyo. Na ile yako ndiyo nzuri kuliko zote, Madamu. Nilichagua nzuri."

"Na maneno ya mwanzo? Na pumzi zake?"

Uso ukamng'aa. "Nilisafisha zote. Moja moja, kwa mkono, kipindi chako chote. Kulikuwa na makelele mengi sana. Kiti, kikohozi, watu wanaongea chakula. Nilitaka nikuambie ukirudi."

"Zile za mwanzo ziko wapi?"

"Bosi alisema tusiweke mara mbili, nikazifuta. Zinajaza mashini." Akaniangalia. "Madamu? Nimekosea?"

Alikuwa amefanya kazi kubwa na nzuri, kwa mikono safi, na alikuwa amechagua kilicho kizuri. Kanuni yetu haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa vichwani mwa watu wawili, mmoja yuko Kabuga. Hata ningempa maelezo, ningekuwa namtwisha Aprili isiyokuwa yake. Nilisema amefanya kwa nia njema. Ni kweli, na haikusaidia.

Mkuu wa vipindi alikuwa mkarimu zaidi. "Madamu, tulikuwa tunadhani vile vitu vyako vimekufa," alisema, "kumbe ndivyo vitatusaidia. Misiba haiishi." Rekodi zote zimo sasa katika fungu la maombolezo. Mrundi wa fidla yumo. Piano ya maua imo. Nilimwomba aziondoe humo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, angeziweka wapi kwingine, na nani angezipiga. Niliomba kustaafu mapema juma hilohilo.

Baada ya siku chache nilikwenda Kabuga na Solange, na selo yake kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Nilikuwa na imani moja iliyobaki: kwamba kilichofanya kazi mara ya kwanza kitafanya kazi tena. Mtu atangulie, muziki ufuate.

Gaspard alitufungulia. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, amepika chai. Aliuliza habari za mama wa Busanza. Redio haikuwa mezani.

"Muzehe, asubuhi ile ulisikia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nachemsha maziwa. Ikaanza. Nikasema, ah, ni Solange yangu. Nikangoja apumue." Alikoroga chai yake. "Hakupumua. Nikangoja kiti. Hakuna kiti. Basi mikono ikafunga mlango, mimi hata sijui. Jirani alikuja kugonga saa sita, akaniuliza kwa nini niko nyuma ya kabati."

Solange aliweka kikombe chini.

"Nakala yako bado unayo," nikasema. "Ile ina pumzi. Ina isombe."

"Iko. Haina kosa. Lakini sasa najua inafika wapi." Alitafuta maneno, akayapanga kama alivyokuwa akipanga nyaya. "Ile sauti yake, akisema kizuri. Nilikuwa nayo. Sasa nikiitafuta, inakuja ile ingine, ya mubaki nyumbani. Inakuja ya kwanza."

"Muzehe, nikupigie," Solange akasema. "Hapa hapa. Uniangalie."

Gaspard alisogeza kikombe chake pembeni. Hakuwa mtu wa kumnyima mgeni.

"Piga, mwanangu."

Solange alifungua sanduku, akavuta kiti cha mbao hadi katikati ya chumba, akakitikisa makusudi. Hakikulia. Akasema jina lake. Akasema amekula maharage na ndizi, na kwamba ndizi hazikuiva vizuri. Gaspard alitabasamu. Niliona nia yake yote ikiwa usoni. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, tayari kupumua naye. Solange akavuta pumzi, ile pumzi kubwa ya puani, akashusha upinde.

Gaspard alisimama kabla mstari wa kwanza haujaisha. Aliinua mkono kidogo, kama anayeomba radhi kanisani, akapita nyuma ya kiti changu na kutoka. Kupitia dirishani nilimwona akivuka ua hadi kwenye barabara, akasimama kati ya watu wanaongoja basi, akitugeuzia mgongo. Mwanamke mwenye kapu alimwambia kitu. Aliinamisha kichwa kumsikiliza, akajibu, akamsaidia kushusha kapu, akaendelea kusimama pale pale.

Solange alimwona pia. Hakusimama. Alipiga hadi mwisho, kama alivyofundishwa, katika chumba ambacho ndani yake nilikuwa mimi peke yangu, mtu ambaye hakuhitaji kushawishiwa. Sijawahi kumsikia akipiga vizuri zaidi, na nilikaa natamani iishe.

Ilipoisha, mabasi mawili yalipita. Gaspard akarudi polepole, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Imeisha?"

"Imeisha, Muzehe."

Akaingia, akashika birika kwa kitambaa. "Basi mukunywe chai," akasema. "Iko inapoa."

Solange aliilaza selo ndani ya sanduku, akafunga vishikizo vyake kimoja kimoja, na tukanywa.